Kuchagua na kukaza nati za rimu za spoti kwenye pikapu

Ukivua rimu zilizokuja na gari na kuweka za spoti, usirudishe nati za zamani kwa mazoea. Hapa Mwanza ndiyo shida tunayoiona gereji mara kwa mara. Mtu ametoa hela nzuri kwa rimu na matairi, halafu kwenye nati anaambiwa, "Weka zile zile tu bosi, uzi si ule ule?" Uzi ni ule ule kweli. Ila kinachoibana rimu ni uso wa nati pale inapokalia, na rimu ikibadilika, pale pa kukalia nako hubadilika.

Maelezo haya ni ya pikapu na gari za milimani kama Hilux, Land Cruiser, Navara na Ranger. Fuso na Scania zina nati zake na nguvu zake za kukazia, kwa hiyo usizitumie namba hizi huko.

Hatua ya 1: Jua uzi wa stadi zako

Stadi ni ile bolti inayotokeza ambako nati hufungwa. Hilux hutumia stadi ya unene wa milimita 12 yenye uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino moja la uzi hadi jingine. Nissan nyingi, Navara ikiwemo, ni milimita 12 pia lakini uzi wake ni 1.25. Land Cruiser kubwa kama 200 ni milimita 14 kwa 1.5.

Hatari ipo kwenye hizo mbili za milimita 12. Kwa macho zinafanana. Nati ya Nissan ukiiweka kwenye stadi ya Toyota huingia mzunguko mmoja au miwili halafu hukaza. Fundi mwenye haraka akiona imekaza anachukua mashine ya upepo, na hapo nati imekufa na stadi imekufa. Kwa hiyo kila nati iingie kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma, itoe uangalie uzi. Usiilazimishe.

Hatua ya 2: Angalia nati inakalia wapi

Hapa usiwe na haraka.

Tia kidole kwenye tundu la rimu. Likiwa limechongwa kwa mteremko unaopungua kwenda ndani, linataka nati iliyochongoka umbo la pia (koni), na nyingi zina pembe ya nyuzi 60. Rimu nyingi za spoti ziko hivi. Likiwa na shimo la duara kama nusu ya gololi, linataka nati ya kichwa cha mviringo. Hizi utaziona zaidi kwenye Honda. Likiwa bapa kabisa, linataka nati yenye shingo ndefu na washa (pete bapa ya chuma) pana.

Rimu za aloi za Toyota za kiwandani mara nyingi huwa za aina hii ya tatu. Ndiyo maana mwenye Hilux au Land Cruiser aliyetoa aloi za kiwandani anabaki na nati bapa mkononi, huku rimu mpya zinataka za umbo la pia. Ukizifunga hivyo hivyo, washa inagusa ukingo wa tundu tu. Unakaza, spana inagoma, unaamini imeshika. Barabara ya vumbi ya Sengerema au Buchosa ikianza kuitikisa gari, ule ukingo mwembamba wa aloi unalika, nati inapata nafasi na tairi inaanza kucheza.

Kama huna uhakika, fanya hivi. Paka wino wa maka pen kwenye uso wa nati, izungushe kwa mkono hadi ikalie, ikaze kidogo kwa spana, kisha itoe. Wino ukiwa umefutika mkanda mpana kuzunguka nati yote, nati na rimu vinaelewana. Ukiona mstari mwembamba tu kama wa kalamu, au umefutika upande mmoja, nati hiyo si ya rimu hiyo. Kazi hii haimalizi dakika mbili, na mimi naiamini kuliko maneno ya muuza duka yeyote.

Angalia pia upana wa tundu. Rimu nyingi za spoti zina matundu membamba, na soketi namba 21 haiingii bila kukwangua. Hapo nunua nati nyembamba zenye ufunguo wake maalumu. Ufunguo huo ukae ndani ya gari, siyo nyumbani. Pancha ikikukuta Misungwi usiku bila ufunguo, hakuna fundi atakayekusaidia.

Hatua ya 3: Hesabu mizunguko

Nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa stadi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa Nissan ni karibu 10. Ikipungua hapo, rimu ni nene mno kwa stadi hizo, au kuna mtu ameweka spesa, kile kipande cha kusogeza rimu nje. Spesa ya kupachika tu bila stadi zake yenyewe mimi siifungi, hata mteja akisisitiza.

Nati zenye kofia, zile zilizozibwa mbele, zina hatari ya upande wa pili. Stadi ikiwa ndefu inagonga kofia kwa ndani kabla nati haijabana rimu. Spana itakuambia imekaza kumbe rimu iko wazi. Pima stadi inavyojitokeza kwenye kikalio (pale nati inapokalia rimu), kisha pima kina cha nati kwa kijiti. Kijiti lazima kizidi.

Hatua ya 4: Safisha

Piga brashi ya waya kwenye uso wa habu, ile sehemu rimu inapofungwa, na mgongo wa rimu. Gari zinazorudi nyuma mwaloni, kule ufukweni, kupakia dagaa au sangara hubeba matope na mchanga hadi ndani ya habu, na tope likikauka kati ya rimu na habu, baadaye hudondoka na nati zinalegea zenyewe. Rangi nene iliyoingia kwenye kikalio nayo itoe.

Uzi uwe mkavu. Usipake oili wala grisi. Uzi wenye oili unateleza, na kwa nguvu ile ile ya mkono unaivuta stadi kupita kiasi.

Kama tundu la katikati la rimu ni kubwa kuliko habu, tafuta pete ya kujaza nafasi hiyo. Rimu ikikaa kando kidogo, usukani utatetemeka hata ukipiga balansi mara tatu.

Hatua ya 5: Kaza kwa kukatiza

Gari likiwa juu ya jeki, ingiza nati zote kwa vidole, kisha zibane kidogo kwa spana. Usifuate mzunguko. Ukimaliza moja, nenda ya upande wa pili. Shusha gari hadi tairi iguse chini, ndipo uchukue toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (Newton mita). Kwa Hilux piga raundi tatu: 40, 80, kisha 105 hadi 110 Nm. Magari mengine fuata kitabu chake, maana hata gari moja hutofautiana kwa rimu: Land Cruiser 200 ni 131 Nm kwa aloi lakini 209 kwa rimu za chuma.

Huna toki renchi? Chukua mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia samaki. Ufunge kwenye mpini wa spana, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, uvute kwa pembe mraba hadi usome kilo 22. Hiyo ni karibu 108 Nm, kiasi cha Hilux.

Ile tabia ya kupachika bomba na kusimama juu yake iachwe. Mtu wa kilo 70 kwenye bomba la mita moja anatoa karibu Nm 690, mara sita ya inayotakiwa. Stadi inavutika leo, inakatika mwezi ujao ukiwa na abiria.

Hatua ya 6: Rudi ukaze

Baada ya kilomita 50 hadi 100 pima tena, rimu zikiwa zimepoa. Mwanza hadi Magu inatosha. Madereva wa Sengerema na Geita zamani walishuka kwenye foleni ya kivuko Kigongo na kuzunguka gari. Sasa daraja limefunguliwa, hakuna anayesimama, kwa hiyo jipangie mwenyewe pa kusimama, hata Usagara.

Michirizi ya kutu au vumbi jeusi linalotoka chini ya nati ni dalili kwamba inacheza. Tundu likishakuwa na umbo la yai, rimu hiyo usiichomelee, iondoe. Na stadi moja ikikatika, badilisha pia za jirani yake kushoto na kulia, kwa sababu zilikuwa zinabeba mzigo wake. Zikikatika mbili, badilisha zote za tairi hiyo.