Somo: Kupima kibla ya Msikiti Mkuu wa Kilwa ukiwa mezani

Somo hili ni la anayesoma historia ya majengo ya pwani na hana nauli ya kufika Kilwa Kisiwani. Kompyuta ya kawaida inatosha, na programu zinazotajwa ni za bure.

Msikiti huu una sehemu mbili za nyakati mbili: ukumbi mdogo wa kaskazini, wa karne ya 11 au ya 12, na upanuzi mkubwa wa kusini unaohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala wakati msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Ukipima bila kujua uko sehemu ipi, namba zako hazina maana.

1. Tafuta ramani ya jengo kabla ya picha. Anzia Archnet, tovuti ya picha na ramani za majengo ya Kiislamu. Ukipata ramani inayotokana na uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick wa miaka ya 1960, ihifadhi. Amini mstari wa kipimo uliochorwa pembeni, usiamini maandishi ya 1:200, kwa sababu ramani ikikuzwa au kupunguzwa mstari hubadilika pamoja nayo ila maandishi hubaki yale yale. Hapa ndipo wengi huangukia.

Kwenye ramani utauona ukumbi wa kaskazini: nguzo 9, zinazoligawa paa katika sehemu 16. Mihrabu, inayoonyesha upande wa kibla, iko ukuta wa kaskazini.

2. Fungua Google Earth Pro, andika -8.9578, 39.5228. Utatua kwenye magofu ya upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa. Bonyeza U ili utazame kutoka juu kabisa, kisha N ili kaskazini ikae juu. Picha iliyoinama hupotosha pembe.

3. Bofya alama ya saa, uchague picha ya kiangazi isiyo na mawingu. Andika tarehe yake papo hapo.

4. Chukua rula, chagua mstari, uvute kutoka kusini kwenda kaskazini juu ya ukuta wa pembeni wa ukumbi wa zamani, ule unaoelekea upande wa mihrabu. Soma namba ya Heading: hiyo ni pembe kutoka kaskazini ya kweli, haihitaji marekebisho ya dira. Rudia mara 5, chukua wastani.

Sasa linganisha. Kutoka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini tupu, takriban nyuzi 0.6 kuelekea mashariki, umbali wa kilomita 3,360 hivi. Lakini ukipata, tuseme, tofauti ya nyuzi 2, usikimbilie kuandika kwamba wajenzi walikosea. Kwenye ukuta wa mita 12, ukiteleza nusu mita tu kwenye ncha moja, umeshapoteza nyuzi 2.4. Andika namba pamoja na kiasi cha kosa lake, la sivyo usiiandike.

5. Kwa kuta zenyewe, nenda Google Arts & Culture, mradi wa Heritage on the Edge wa mwaka 2020; Kilwa ni moja ya sehemu tano zilizomo. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town nayo ilipiga skani za leza Kilwa na Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu. Ukipata faili la umbo la pande tatu, lifungue kwa MeshLab. Kabla ya kupima chochote, pima kitu ambacho urefu wake unaujua kutoka kwenye ramani. Mafaili mengi ya mtandaoni hayana kipimo halisi: mlango unaweza kusoma 1.9 au 190 au 0.04.

6. Picha weka kwenye Tropy, vitabu na makala kwenye Zotero. Jina la faili libebe mahali, sehemu na tarehe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nina simu tu. Nifanyeje?
Jibu: Soma viwianishi vya ncha mbili za ukuta. Toa latitudo kwa latitudo, longitudo kwa longitudo, kisha gawanya tofauti ya longitudo kwa ya latitudo. Hiyo ndiyo tanjenti ya pembe. Kilwa iko karibu na ikweta, nyuzi moja ni kama kilomita 110 pande zote mbili. Njia hii inakubali Lamu pia. Ukienda Muscat, mbali zaidi na ikweta, zidisha kwanza tofauti ya longitudo kwa 0.92.

Swali: Picha ya mwaka mmoja imesogea mita kadhaa kutoka ya mwaka mwingine. Ipi sahihi?
Jibu: Kwa pembe haijalishi, picha nzima husogea pamoja. Kinachoharibu ni kuchora ncha moja kwenye kichwa cha ukuta na nyingine kwenye kivuli chake.

Swali: Mwalimu, mbona vyumba vya nyumba za Songo Mnara ni virefu ila vyembamba hivyo?
Jibu: Boriti. Paa bapa la matumbawe na chokaa ni zito, na boriti ya mkoko hailibebi vizuri zaidi ya mita 2.5 hadi 3. Urefu huongezwa utakavyo, upana hauongezeki bila nguzo. Pima vyumba kumi uone.

Swali: Naruhusiwa kuweka hizi picha kwenye tasnifu?
Jibu: Angalia leseni ya kila picha. Za Wikimedia Commons huandikwa masharti chini yake; za Archnet, mara nyingi haki ni za mpigapicha. Za Google Earth usikate maandishi ya chini.