Kuendesha baraza la Wafaranki ndani ya vipindi viwili

Mwalimu wa historia Moshi au Arusha anayetaka darasa lione sheria ya Wafaranki Wasali (Lex Salica), kabila la Kijerumani la Ulaya ya kale, ikifanya kazi, aiweke barazani, yaani kwenye igizo la mahakama yao. Iliandikwa kwa Kilatini zama za mfalme Clovis, mwanzoni mwa miaka ya 500. Dakika 80 zinatosha kesi moja. Ukipanga mbili, ya pili itakatwa na kengele.

Nunua nusu kilo ya maharage. Punje moja ni solidi moja, sarafu ya dhahabu, sawa na dinari 40. Usihesabu kwa dinari: kumuua Mfaranki huru ni dinari 8,000, na mtamaliza kipindi mkiokota punje sakafuni.

Ubaoni andika viwango vya faini, kwa solidi:
- Mfaranki huru akiuawa: 200
- Mtu wa ulinzi wa mfalme: 600
- Mrumi mwenye ardhi: 100
- Kidole gumba kukatwa: 50; cha shahada (cha kupigia upinde): 35
- Kumwita mtu mbweha: 3

Kwenye wizi, faini haifuti mali. Mwizi anarudisha kitu au thamani yake, na fidia ya ucheleweshaji juu.

Siku mbili kabla, mdai na mashahidi wake waende "nyumbani" kwa mdaiwa, yaani dawatini kwake, wamwite. Wasipomkuta, wamwambie mkewe au mtu wa nyumba ile. Asiyefika bila udhuru hulipa 15. Mdai aliyeita halafu akakosa, 15 vilevile. Wengi huruka hatua hii, ilhali ndiyo inayofungua sheria yenyewe.

Kosa kubwa hutoka kwa mwenyekiti, tunginusi. Akishakalia kiti anajifanya hakimu wa mahakama ya mwanzo na kuanza kutoa hukumu. Mzuie. Kutamka sheria ni kazi ya warakineburgi saba, wajumbe wa baraza, tena mdai ndiye anayewadai waitamke. Wakikaa kimya, kila mmoja alipe 3. Vitisho hivyo huchangamsha hata wale wa dawati la nyuma.

Kisha mpe muuaji punje 40 tu dhidi ya deni la 200. Hapa ndipo penye utamu. Alete waapaji 12 waape kwamba hana kitu kingine, juu ya ardhi wala chini yake. Aingie nyumbani, achote vumbi pembe zote nne, asimame kizingitini akiangalia ndani, alirushe kwa mkono wa kushoto juu ya mabega yake limwangukie ndugu wa karibu, ambaye sasa ndiye anayebeba deni. Baba na kaka wakiwa wameshalipa na deni halijaisha, vumbi linarushwa kwa watatu wa upande wa mama na watatu wa upande wa baba. Yeye mwenyewe anaruka uzio, amevaa shati bila viatu, fimbo mkononi. Kamba ya uzio isipite magoti. Wakati wa kiangazi tumia unga wa chaki, na kidogo tu. Vumbi la Moshi linaingia machoni.

Ukoo nao ukishindwa, anapelekwa mabaraza manne. Asipokombolewa, analipa kwa uhai wake.

Punje zikitimia, gawa: nusu wana wa marehemu, nusu ndugu wa pande zote mbili. Ile kanuni ya kuwanyima wanawake ardhi iache kwa siku nyingine. Mjadala utahamia kwenye kihamba (shamba la ukoo la Wachaga), halafu kwenye kiti cha enzi cha Ufaransa karne ya 14, ambacho wanawake walinyimwa kukirithi, na muuaji wako atabaki amesimama kizingitini.