Namna ya Kuandika Tathmini ya Timu ya NFL Kabla ya Msimu Kuanza

Kila Agosti inapofika, mashabiki wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, walioko Nairobi huanza kuulizana timu zao zitafika wapi, na majibu mengi hujengwa juu ya idadi ya mechi ambazo timu ilishinda msimu uliopita. Idadi hiyo ni ya kweli, lakini haielezi ushindi ulipatikana vipi, na tathmini yenye manufaa huanzia kwenye swali hilo. Maelezo yafuatayo yanamlenga anayetaka kuandika tathmini ya timu moja kwa Kiswahili, akiwaandikia wasomaji ambao wengi wao wamekulia kwenye soka na raga.

Andika matokeo yote 17 ya msimu uliopita kwenye karatasi moja, kisha utenge mechi zilizoamuliwa kwa tofauti ya pointi 8 au chini ya hapo. Nane ndizo pointi nyingi zaidi ambazo timu inaweza kupata katika shambulizi moja, yaani 6 za kuufikisha mpira katika eneo la mwisho na 2 za nyongeza, kwa hiyo mechi ya aina hiyo ingeweza kusawazishwa au kugeuzwa na shambulizi moja tu. Timu nzuri hushinda mechi hizo mara nyingi kuliko timu mbovu, lakini hakuna timu inayozishinda zote mwaka baada ya mwaka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Minnesota Vikings wa mwaka 2022. Walishinda mechi 13 na kupoteza 4, wakaongoza kundi lao la timu nne, na katika mechi 11 zilizokuwa na tofauti ndogo walishinda zote 11. Waliposhindwa, walishindwa vibaya: Dallas Cowboys waliwafunga 40-3 katika uwanja wao wa nyumbani, na Green Bay Packers wakawafunga 41-17. Ukijumlisha msimu mzima, walipata pointi 424 na kuruhusu 427, jambo ambalo lingepaswa kumshtua yeyote aliyekuwa akiwaandalia tathmini ya mwaka uliofuata. Katika mechi yao ya kwanza ya mtoano walitolewa na New York Giants kwa 31-24. Msimu wa 2023 ulipoanza, walipoteza mechi tatu za mwanzo kwa tofauti ya pointi 3, 6 na 4, kisha wakamaliza wakiwa na ushindi 7 na vipigo 10. Wengi hueleza kuporomoka huko kwa jeraha la kano ya kisigino lililomwondoa kwotabeki wao (mwongoza mashambulizi) Kirk Cousins mwezi Oktoba, na kwa hakika lilikuwa pigo zito, lakini vipigo vile vitatu vilitokea akiwa mzima na yuko uwanjani. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba jumla ya pointi zilizopatikana na zilizoruhusiwa itangulie rekodi ya ushindi katika andiko lako.

Baada ya hapo tazama mipira iliyoponyoka mikononi. Kuulazimisha mpira umponyoke mpinzani ni ustadi, ila nani atauokota unapodunda hovyo kwa umbo lake la yai ni bahati kwa kiasi kikubwa, na timu iliyookota mingi mwaka jana haina haki ya kuitegemea tena.

Sasa uje kwa wachezaji, uanze na kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio la timu yake kusogea mbele na kuamua uende wapi. Hakuna nafasi katika soka wala raga yenye uzito kama huo. Houston Texans walishinda mechi 3 tu mwaka 2022. Mwaka 2023, wakiwa na kwotabeki chipukizi C.J. Stroud na kocha mpya DeMeco Ryans, walishinda 10. Mweleze msomaji wako kwamba mageuzi ya namna hiyo yanawezekana kwa sababu ligi imejengwa hivyo: hakuna kushushwa daraja, timu zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua chipukizi wa vyuo kila Aprili, na kila timu hufungwa na kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Tajiri hawezi kununua kikosi kizima kama inavyotokea Ulaya. Usisahau safu ya wachezaji watano wanaomkinga kwotabeki, kwa maana hao hawatajwi mpaka waanze kushindwa.

Kwa wasomaji wa Kenya, jina la Daniel Adongo halikosi kujitokeza. Alitoka kwenye raga, akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kabla hajawahi kucheza mchezo huu, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL. Ni fahari ya haki kabisa, na mchezaji mwingine wa njia hiyo akipatikana anastahili kutajwa. Hata hivyo Adongo alicheza mechi chache tu, na mchezaji wa namna hiyo asipewe uzito katika utabiri mpaka apate dakika za kweli uwanjani.

Ratiba hupatikana kwa kanuni. Kila timu hucheza mara mbili na kila mojawapo ya timu tatu za kundi lake, mechi nne dhidi ya timu za kundi jingine la kanda yake (ligi imegawanywa kanda mbili), mechi nne dhidi ya timu za kundi moja la kanda ya pili, na mechi tatu zilizobaki ni dhidi ya timu zilizomaliza katika nafasi sawa na yake. Bingwa wa kundi basi hupangiwa mabingwa wengine. Angalia pia mechi za Alhamisi zinazofuata Jumapili, kwa kuwa siku nne hazitoshi kupona.

Mwandishi wa Nairobi aweke saa za hapa. Mechi za mapema za Jumapili huanza saa mbili usiku mwezi Septemba, na kuanzia Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, huanza saa tatu. Ile ya Jumapili usiku huanza kwetu Jumatatu saa tisa na dakika 20 usiku mwezi Septemba, na saa kumi na dakika 20 kuanzia Novemba, na mwenye kupanda matatu alfajiri kwenda kazini anahitaji kujua hayo mapema.

Mechi tatu za majaribio za Agosti zisikupotoshe, kwa kuwa nyota wengi hawachezeshwi.

Utabiri wenyewe uandike kwa kiwango, kwa mfano ushindi kati ya 8 na 10, ukitaja wazi mambo mawili yanayoweza kuuvunja, kama vile jeraha la kwotabeki au safu dhaifu ya kumkinga. Usiuchapishe kabla vikosi havijapunguzwa kutoka wachezaji 90 hadi 53 mwishoni mwa Agosti, na usiucheleweshe kupita mechi ya ufunguzi, ambayo ikichezwa Alhamisi usiku Marekani huwa tayari ni Ijumaa alfajiri hapa Nairobi.