Kufunga transdusa ya sonari ndani ya boti ya faiba, bila kutoboa tundu

Boti zetu za Mikindani zinalala mchangani. Maji yakitoka zinakaa juu ya matope, yakijaa zinasukumwa, na pengine njiani kuna mawe. Ukiifunga transdusa, kile kipande cha sonari kinachotuma sauti majini na kuipokea ikirudi ili kuonyesha samaki na kina, kwa nje, kule tezini chini ya injini kama michoro ya kwenye boksi inavyoonyesha, msimu hauishi: jiwe litaikwangua, au wavu utaing'oa na waya wake. Ndiyo maana mimi nafunga ndani. Sauti inapenya faiba, inashuka, inagonga samaki au sakafu ya bahari, kisha inarudi kwa njia ileile. Inapungua nguvu kwenda na kurudi, lakini kwa kina tunachovulia changu na chewa inatosha.

Sharti ni moja tu: kati ya uso wa transdusa na maji ya bahari pasiwe na hewa. Sauti ikikuta hewa inageuzwa hapohapo. Kwa hiyo ngalawa na mtumbwi sahau, mbao ina vijishimo vya hewa kila mahali. Boti za faiba nazo si zote. Nyingine zina matabaka mawili, na katikati wameweka plaiwudi au povu. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu na mkali, hapo ni faiba tupu. Mlio mzito unaofia ndani, sogea.

Tafuta mahali nyuma ya katikati ya boti, pembeni kidogo mwa mkuku (uti wa chini wa boti), kati ya taruma na taruma (mbavu za boti). Mbele hapafai, kwa sababu boti ikikimbia omo unanyanyuka na chini yake kunapita mapovu. Toka pia nje uangalie: mbele ya sehemu hiyo kusiwe na bolti wala kiraka kinachochokoza maji.

Usigundishe kabla ya kujaribu. Nenda kwenye kina, ning'iniza transdusa ubavuni mwa boti, soma namba. Kisha mimina maji kidogo ngamani (chini kabisa ndani ya boti), izamishe hapo ikiwa imetazama chini wima, soma tena. Namba zikilingana na picha ya sakafu ya bahari haijafifia sana, umepata mahali pako. Nje ya Msimbati, ambako chini kunaporomoka ghafla, nahodha mmoja aliyekuwa akilinganisha kioo cha sonari na bildi yake, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, aliniambia, "Fundi, kioo kinasema pima kumi na moja, bildi yangu inasema kumi na mbili. Nani mwongo?" Nikamwonyesha kamba: mkondo ulikuwa umeilaza, haikwenda wima. Akaivuta bila kusema kitu.

Sasa gundi, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Piga msasa namba 80 mpaka rangi yote itoke na faiba ionekane, futa vumbi, pangusa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Kata pete ya bomba la PVC la inchi 4, urefu wa vidole viwili, ishikize kwa silikoni iwe kama ukuta wa kuzuia gundi isitiririke. Changanya epoksi taratibu, ukizungusha kijiti bila kukipigapiga, maana ukiikoroga kama uji utaijaza mapovu. Ikitulia kidogo, mimina kiasi cha kufunika uso wa transdusa tu. Ishushe transdusa kwa kuilaza upande mmoja kwanza, halafu isimamishe polepole huku unaizungusha kushoto na kulia ili hewa itokee pembeni. Weka kitu kizito juu, uiache mpaka kesho yake.

Fanya kazi hii alfajiri. Jua la Mtwara wakati wa kaskazi linaigandisha epoksi ikiwa bado koponi, na ukichanganya nyingi kwa mkupuo inachemka yenyewe. Joto hilo linaweza kuiua transdusa.

Kama boti ina tumbo la V lililochongoka, transdusa ikigundishwa itatazama pembeni. Hapo kata bomba kwa mshazari ufuate mwinamo wa sakafu, ligundishe lisimame wima, lijaze mafuta ya watoto yale meupe ya maji, tumbukiza transdusa, ziba juu. Maji matupu yanakauka na kunuka, mafuta yanakaa. Mimi naipenda zaidi njia hii hata kwenye sakafu tambarare, kwa sababu siku ukiuza boti unaondoka na transdusa yako.

Kayaki ya plastiki inapitisha sauti vizuri, ila epoksi haiishiki ile plastiki. Tumia donge nene la silikoni ya baharini, bandika transdusa kwa kuikandamiza huku ukizungusha.

Waya wa transdusa usiukate hata ukiwa mrefu, ukunje tu. Uupitishe mbali na nyaya za injini, la sivyo kioo kitajaa michirizi. Betri ya volti 12 ya pikipiki inatosha, na kwenye waya wa chanya weka fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu chake.

Joto la maji litakalosomwa ni la sakafu ya boti, usilifuate. Picha za ubavuni, zile sonari inazopiga kushoto na kulia, pia usizitegemee, masafa yake (wingi wa mitetemo ya sauti) ni ya juu mno kupenya faiba vizuri. Baki na masafa ya kilohezi 200, na kwenye kina kikubwa shuka kwenye 83 au 50 kama mashine inazo. Ondoa mpangilio wa otomatiki, pandisha usikivu mpaka kioo kianze kuonyesha vidoti ovyo, kisha rudisha nyuma hatua moja. Kipimo kiweke kwenye pima badala ya futi, nahodha asipate shida ya kugawa kwa sita akiwa ameshika usukani.