Somo: Kufuatilia safari ya mawimbi ya redio ukiwa nyumbani, kwa nguvu isiyofika wati moja

Wengi wanaoingia kwenye redio ya ridhaa huanza na swali la nguvu: nahitaji wati ngapi nifike Ulaya? Naomba tuanzie upande mwingine. Miliwati 200 ndicho kiwango cha juu ambacho simu yako ya 4G hutuma. Nguvu hiyohiyo, ikipita kwenye waya uliofungwa vizuri Dar es Salaam, inaweza kusomeka London, takriban kilomita 7,500, anga likiwa limefunguka, yaani likiyarudisha mawimbi duniani. Bendi (fungu la masafa) ikiwa imefungwa, hata wati 100 hazitakuvusha. Kwa hiyo cha kujifunza kwanza ni tabia za anga, na anga unaweza kulifuatilia kutoka sebuleni.

Chombo tutakachotumia kinaitwa WSPR, mtindo wa kutuma ujumbe ambao kompyuta huusoma. Kilianzishwa mwaka 2008 na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua palsa (nyota inayotoa midundo ya redio) inayozungukana na mwenzake. Mtu aliyezoea kutafuta ishara hafifu za nyota alijua namna ya kuitoa ishara ndogo ndani ya kelele. Kituo cha WSPR hutuma mambo matatu tu: alama ya mwito (jina rasmi la kituo), eneo lake, na nguvu kinayotumia. Ujumbe huo mfupi hutumwa polepole kwa sekunde 110.6, ukichukua upana wa hezi 6 hivi. Polepole hiyo ndiyo siri yake: kompyuta hupata muda wa kukusanya ishara ambayo sikio haliwezi hata kuihisi.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kutuma

Kutuma kunahitaji leseni. Tanzania unaipata TCRA, Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda UCC, Rwanda RURA. Ukiwa bado unashughulikia karatasi, anza na kupokea, ukiwauliza haohao masharti ya vifaa vya kupokelea. Unahitaji redio ya mawimbi mafupi yenye hali ya USB (yaani upande wa juu wa masafa, si tundu la kompyuta), au kile kipokezi kidogo cha RTL-SDR kinachochomekwa kwenye kompyuta. Toleo la V4 la RTL-SDR Blog linapokea mawimbi mafupi bila kuongezewa kifaa kingine.

Hata bila kompyuta kuna la kufanya. Weka redio kwenye 14.100 MHz. Hapo bikoni 18 (vituo vinavyotuma ishara ya kupimia tu) za mradi wa NCDXF na IARU, mashirika ya redio ya ridhaa, hupokezana duniani kote, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kimoja ni cha Kenya, 5Z4B. Zamu yake kwenye masafa hayo huanza dakika 1 na sekunde 50 baada ya mzunguko kuanza, mara tu baada ya ZS6DN ya Afrika Kusini. Kila bikoni hutaja jina lake kwa mosi (msimbo wa Morse wa nukta na mistari), kisha hupiga mistari minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho wati 0.1. Hesabu mistari unayoisikia. Siku utakayousikia ule wa nne kutoka nchi ya mbali, hakuna atakayehitaji kukushawishi kuhusu nguvu ndogo. Usipokisikia kituo fulani siku nzima, usiharakishe kulaumu antena, maana baadhi huzimwa kwa matengenezo.

Hatua ya 2: Waya

Dipoli, yaani antena ya waya wenye pande mbili zilizo sawa, inatosha. Gawanya 142.5 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wote kwa mita. Kwa bendi ya mita 20 (14.097 MHz) ni mita 10.1, yaani mita 5.05 kila upande. Kata mrefu kidogo, kisha punguza ukipima. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani unafaa, hata ukiwa na ganda lake. Inua katikati juu ya mlingoti wa mwanzi au tawi la mwembe, shusha ncha mbili kama paa la nyumba, na mbali na mabati kadiri utakavyoweza. Usipitishe waya juu wala chini ya nyaya za umeme za mtaani, hata kama mti mzuri uko upande huo.

Hatua ya 3: Kelele za nyumbani

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza zaidi kuliko kwenye antena, kwa hiyo tusiruke. Washa redio kwa betri, kwenye masafa matupu, uangalie kipimo cha ishara. Kisha zima swichi kuu ya nyumba. Sindano ikishuka, adui yumo ndani. Rudisha swichi kuu ukiwa umechomoa kila kitu, halafu chomeka kimoja kimoja: chaja za simu, taa za LED, king'amuzi, televisheni, inveta. Kwa nyumba zetu zenye sola, chunguza sana kidhibiti cha kuchaji betri. Vingi vya bei nafuu hutoa mnguruma unaofunika bendi nzima mchana kutwa na kunyamaza jua likizama, na mtu akadhani anga ndilo lililobadilika. Sogeza antena mbali na paneli, na zungusha waya unaotoka kwenye dipoli hadi redio mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na redio na karibu na dipoli.

Hatua ya 4: Saa

WSPR huanza sekunde moja baada ya kuingia dakika shufwa ya UTC (saa ya kimataifa). Saa ya kompyuta ikikosea zaidi ya sekunde mbili hivi, hutapata kitu. Ilinganishe kwa intaneti au GPS. Kwa sisi tunaohesabu saa tangu macheo, kuipata UTC ni rahisi: mchana ongeza 3, usiku ongeza 15 (ikifika 24 au zaidi, toa 24). Saa 4 asubuhi ni 07:00, saa 2 usiku ni 17:00. Walio Kigali na Bujumbura waongeze 4 na 16.

Hatua ya 5: Programu

Pakua WSJT-X, ni ya bure. Chagua WSPR, weka redio kwenye 14.0956 MHz USB, na uandike gridi yako (msimbo mfupi wa eneo ulipo): Dar es Salaam na mjini Unguja ni KI93, Nairobi KI88, Mombasa KI95, Mwanza KI67. Ruhusu ripoti zipelekwe WSPRnet, tovuti inayokusanya ripoti hizi, ili wengine wajue umewasikia. Mita 20 ni bendi nzuri ya kuanzia. Mita 10 (28.1246) ni ya mchana na jioni, mita 40 (7.0386) ni ya usiku, kwa sababu tabaka la D la ionosfia (sehemu ya juu ya anga inayoathiri mawimbi ya redio), ambalo mchana hunyonya masafa ya chini, hutoweka jua likizama.

Hatua ya 6: Kuisoma namba

Tuseme kituo kinatuma 23 dBm, yaani miliwati 200, na wewe umekipata kwa −10 dB (desibeli, ishara ikilinganishwa na kelele). Programu inaweza kusoma hadi karibu −28. Kuna nafasi ya desibeli 18, ambayo ni mara 63. Maana yake kituo kile kingepunguza nguvu hadi miliwati 3 na bado ungekisoma. Geuza swali: je, kingezungumza kwa sauti mkasikilizana? Sauti inataka takriban +10, kwa hiyo zinahitajika desibeli 20 zaidi, ambazo ni mara 100: wati 20. Mstari mmoja kwenye kioo umekuambia redio gani inatosha kwa njia ile, saa ile. Fanya hesabu hii kabla ya kutoa pesa dukani.

Hatua ya 7: Kutuma

Ukishapata leseni, kifaa kidogo chenye chipu ya Si5351 hutoa miliwati 10 hivi, na ukiongeza transista utafika 200. Lazima uweke kichujio kinachozuia masafa ya juu kabla ya antena. Chipu hiyo hutoa wimbi la mraba, na wimbi la mraba la 14 MHz linabeba pia 42 MHz, ambako huna ruhusa. Tuma moja ya tano ya muda, muda uliobaki sikiliza. Andika nguvu yako ya kweli, kwa sababu wenzako watapiga hesabu kwa namba hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Ahsante kwa somo, mwalimu. Mimi nimepanga ghorofa ya tatu, mwenye nyumba hataki waya juu ya paa. Nifanyeje?

Jibu: Tumia mita 10. Kila upande wa dipoli ni mita 2.5 tu, inaingia kwenye baraza au ndani kando ya dirisha lisilo na nondo. Ghorofani hatua ya 3 ina uzito zaidi, maana kelele za jirani huwezi kuzizima. Sikiliza usiku wa manane uone tofauti.

Mwanachama wa Kisumu: Kaka, jioni baada ya jua kuzama naona mistari ya WSPR kwenye kioo, minene kabisa, lakini programu haisomi hata kimoja. Saa imenyooka. Tatizo ni redio?

Jibu: Redio yako ni nzima. Hili ni jambo la sisi tunaoishi karibu na ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu inapita Ethiopia. Jua likizama, tabaka la F la ionosfia, lililo juu ya lile la D, hupandishwa juu haraka, kisha chini yake huanza kuvurugika na kutoa mapovu yenye elektroni chache. Wimbi linalopita humo hurudi kwa njia nyingi zinazotikisika kila moja kwa mwendo wake. Toni za WSPR zimetengana kwa hezi 1.46 tu, kwa hiyo mtikisiko mdogo unazichanganya. Ndiyo maana mstari unauona mnene na wenye ukungu pembeni badala ya uzi mwembamba. Ukihamia kwenye mosi utakisikia kituo hichohicho kikitetemeka kama mtu anayeongea mbele ya feni. Hali hii hukolea zaidi karibu na Machi na Septemba. Usiufute usiku huo kwenye daftari, andika saa ukungu ulipoanza na ulipokwisha. Vituo vya Ulaya vya kupokelea haviwezi kukuandikia hilo, wewe uliye Kisumu unaweza.

Mwanachama wa Muscat: Masalkheri. Natamani kuwasikia nyumbani Unguja. Njia hii ina matumaini?

Jibu: Masalkheri, dada. Njia yako ni ya bahati. Ikweta ya sumaku iko katikati yenu, Muscat kaskazini yake na Unguja kusini, kwa umbali unaokaribiana. Ionosfia huwa nzito pande zote mbili za mstari huo, kiasi cha digrii 15 kutoka kwake, na wimbi linaweza kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kugusa ardhi katikati. Ni karibu kilomita 4,000. Jaribu mita 10 na mita 15 kuanzia alasiri hadi usiku mapema, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba.

Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Majuzi adhuhuri bendi zote zilikatika ghafla, nikafungua antena nzima kutafuta waya uliokatika. Baada ya saa hivi vikarudi vyenyewe.

Jibu: Marahaba. Hizo ndizo dalili za mlipuko wa jua. Miale yake ya eksirei huliongezea nguvu tabaka la D upande wa dunia wenye mchana, na masafa ya chini hufa kwanza na kurudi mwisho. Kabla ya kupanda juu ya mti, tazama WSPRnet: kama vituo vyote vya Afrika Mashariki vimepotea pamoja wakati Marekani, ambako ni usiku, wanaendelea, acha antena ilivyo.

Mwanachama wa Morogoro: Naweza kuiacha ikifanya kazi usiku na mchana hata masika?

Jibu: Siku kavu, ndiyo. Ukisikia ngurumo kwa mbali, au mawingu yakianza kujipanga kwenye Uluguru, chomoa waya wa antena kwenye redio, utoe nje ya dirisha, uuache huko. Usisubiri mvua ianze.