Bei za pikipiki za umeme zinapanda na brandi zinagombania wateja: jinsi ya kununua bila kuumia

Ukitafuta pikipiki ya umeme sasa hivi unakutana na mambo mawili yanayochanganya, brandi zimekuwa nyingi na kila mwezi kuna modeli mpya, halafu hapohapo bei inapanda, ile uliyoipigia hesabu mwaka jana leo wameiongezea hela. Wengine wanakimbilia ya bei ya chini kuliko zote, wengine wanasema ngoja nisubiri zishuke na wanasubiri miaka mitatu huku wanaunguza petroli kila siku. Mi nimeshaumia mara moja kwenye hili, kwa hiyo naandika jinsi ninavyofanya sasa, na jambo kubwa nalisema mapema kabisa: hesabu zako zote zianzie kwenye betri, zifuate kwenye nani atakuhudumia hiyo betri ikizingua, mambo ya spidi na rangi na skrini yaje mwisho.

Kwanza elewa bei inapandishwa na nini, maana ndo utajua kama unaongezewa kwa haki au unapigwa. Kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki ya umeme ni betri. Kampuni ya utafiti ya BloombergNEF inafuatilia bei za betri za lithiamu tangu 2010, wakati huo kilowati saa moja ya betri (ni ileile uniti moja ya umeme unayonunua) ilizidi dola 1,000, ikawa inashuka kila mwaka hadi 2022 ikapanda kwa mara ya kwanza, dola 151, kwa sababu lithiamu yenyewe ilipanda vibaya sana, halafu 2024 ikashuka hadi kama dola 115. Sasa utajiuliza betri imeshuka mbona pikipiki imepanda? Sababu moja kubwa ni ruzuku. India, ambayo ni moja ya masoko makubwa duniani ya pikipiki za umeme, Juni 2023 serikali ilipunguza ruzuku kutoka rupia 15,000 kwa kila kilowati saa ya betri hadi 10,000, na kikomo kikashushwa kutoka asilimia 40 ya bei ya kiwandani hadi 15, bei za dukani zikaruka papo hapo wakati chombo ni kilekile. Sababu nyingine ni kwamba kampuni changa zinaanza kwa kuuza kwa hasara ili zipate wateja, hela za wawekezaji zikikauka ndo unaona bei ya kweli. Na kuna zinazoshuka pia: Harley-Davidson walitoa LiveWire mwaka 2019 kwa dola 29,799, haikuuzika walivyotarajia, 2021 ikarudi kama LiveWire One kwa dola 21,999. Kwa hiyo ukiambiwa bei imepanda uliza swali moja tu, betri imeongezeka ukubwa au ni ileile? Kama ni ileile, hapo una haki ya kubishana au kwenda kwa jirani.

Sasa tuingie kazini. Chukua simu fungua kikokotoo.

Tafuta volti na ampia saa za betri, zinaandikwa ubavuni mwa betri kwenye stika, zizidishe. Mfano volti 72 mara ampia saa 40 unapata wati saa 2,880, yaani kilowati saa 2.88. Hiyo ndo saizi ya tenki lako, usikubali mtu akuambie "betri kubwa" au "betri mbili" bila hiyo namba, nimeona pikipiki yenye betri mbili ikizidiwa na yenye moja. Halafu chukua bei ya pikipiki igawanye kwa hizo kilowati saa, fanya hivyo kwa kila modeli unayoifikiria uziandike pembeni kwa pembeni. Utashangaa. Ile inayoonekana ya bei chee mara nyingi ukigawanya unakuta kila kilowati saa umeinunua ghali kuliko ile iliyokuwa inakutisha, rahisi ghali kabisa.

Baada ya hapo pima ukweli wa kilomita wanazotangaza. Gawanya wati saa kwa kilomita walizosema. Wakisema hiyo ya 2,880 inaenda kilomita 120 maana yake inakula wati saa 24 kwa kilomita, na hiyo inawezekana kama mpandaji ni mwepesi, barabara tambarare, anaenda polepole spidi haibadiliki. Kwenye maisha ya kawaida pikipiki ndogo ya umeme weka wati saa 35 hadi 50 kwa kilomita, ukibeba abiria na mzigo au una vilima inapanda zaidi. Na kwa kawaida huwezi kuikamua betri yote, chukua asilimia 90. Kwa hiyo 2,880 inabaki kama 2,590, ukigawanya kwa 40 unapata kilomita 65 hivi. Sitini na tano, siyo mia na ishirini! Spidi nayo inakula sana kwa sababu upinzani wa upepo unaongezeka kwa kipeo cha pili cha spidi, ukitoka 40 kwenda 80 upepo unakusukuma mara nne, ndo maana mtu wa mjini anaisifu na mtu wa barabara kuu anailaani na wote wana pikipiki moja.

Kama unatoka kwenye petroli usilinganishe kwa maneno matupu. Kwa wati saa 40 kwa kilomita, kilomita 100 zinataka uniti 4, ongeza inayopotea wakati wa kuchaji kama asilimia 13 hivi inakuwa uniti 4 na nusu. Pikipiki ndogo ya petroli kwa kilomita 100 inakula kama lita 2 hadi 2 na nusu. Weka bei ya uniti na bei ya lita unazolipa wewe, zidisha na kilomita zako za mwezi, tofauti utakayoipata ndo inayotakiwa kurudisha ile hela ya ziada ya kununulia. Kama unatembea kilomita 10 kwa siku inaweza isirudi haraka, kama unatembea 100 mambo ni tofauti kabisa, na hapo kusubiri bei ishuke kunakugharimu kila siku inayopita.

Halafu uliza seli, yaani zile betri ndogondogo zilizopangwa ndani ya betri kubwa, ni za aina gani, na hapa usione aibu kumganda muuzaji. Kuna LFP, za lithiamu zenye chuma na fosfeti, hizi ni nzito kidogo kwa umeme uleule lakini zinavumilia joto na zinadumu, mizunguko (mzunguko mmoja ni kuijaza na kuimaliza) 2,000 na kuendelea ni kawaida zikitunzwa. Kuna NMC, za lithiamu zenye nikeli, manganizi na kobalti, nyepesi, zinabeba umeme mwingi kwa kilo, ila mizunguko yake mara nyingi ni ya chini, 800 hadi 1,500. Na bado kuna zinazouzwa na betri za risasi kama za gari, hizo 300 hadi 500 basi, nzito, na ndo nyingi za bei ya kutupa. Zidisha mizunguko na kilomita za chaji moja: mizunguko 2,000 mara kilomita 60 ni kilomita 120,000, mizunguko 400 mara 60 ni 24,000 tu. Sasa ipi rahisi?

Angalia pia ile bei ya tangazo kama ina betri ndani. Ushindani umeleta huu mtindo, pikipiki inatangazwa bei ya kuvutia sana kumbe betri unakodi kwa mwezi au unabadilisha vituoni. Siyo kitu kibaya, Gogoro wa Taiwan wameanza hivyo tangu 2015 na imefanya kazi, na anayepiga kilomita nyingi kwa siku kubadilisha betri dakika chache ni bora kuliko kukaa masaa manne kwenye chaja. Lakini fanya hesabu ya miaka mitatu ya kukodi ujumlishe na bei ya chombo, na soma mkataba: wakipandisha ada ya betri unaweza kujitoa? Ukiikosa ada mwezi mmoja wanakuzimia pikipiki kwa mbali? Na betri ya kampuni nyingine inaingia? Kwa sehemu kubwa haiingii, Honda, Yamaha, KTM na Piaggio waliungana Septemba 2021 kutafuta betri ya pamoja lakini kwa ujumla bado kila mtu na plagi yake, kwa hiyo ukichagua brandi umechagua na vituo vyake.

Hapa niseme yaliyonikuta. Pikipiki yangu ya kwanza niliipata kwenye ofa, bei ilikuwa chini ya wenzake kwa mbali na kampuni ilikuwa mpya, nikajiona mjanja. Mwaka wa pili asubuhi moja nachomeka chaja, taa inabaki ya kijani haigeuki nyekundu, yaani haichaji kabisa. Nikaenda kwa fundi akafungua boksi la betri, seli zimepangwa vikundi 20, akawa anagusa kimoja kimoja na mita: 3.9, 3.9, 3.8, akafika cha kumi na nne, 2.3. Kikundi kimoja tu kimeanguka na ile bodi inayolinda betri ikagoma kupokea umeme, na ilikuwa sahihi kugoma maana ukilazimisha chaji hapo unatafuta moto. Tatizo dogo, kikundi kimoja kinabadilishwa. Ila bodi ilikuwa imefungwa kwa programu ya kampuni, bila kampuni haifunguki, na kampuni ilikuwa imeshafunga milango miezi minne kabla. Simu haipokelewi, ofisi imefungwa. Pikipiki nzima, mota nzima, tairi bado mpya, ikakaa chini ya turubai miezi saba hadi nikapata bodi ya kawaida ya kufungia. Ile ofa niliilipa mara mbili.

Na siyo kampuni ndogo tu zinazokufa. Alta Motors ya Marekani ilifunga 2018. Cake ya Sweden ilifilisika Februari 2024. Energica ya Italia, ambao ndo walitengeneza pikipiki za mashindano ya MotoE kuanzia 2019 hadi 2022, nao wakafilisika Oktoba 2024. Vita vya panzi furaha ya kunguru, ushindani unakuletea ofa nzuri kweli, ila panzi wengine wanafia vitani na waliowahi kununua kwao ndo wanabaki na vyuma.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela nenda kwa mafundi, siyo kwa muuzaji. Waulize brandi hii mnaitengeneza, spea mnapata wapi, kontrola (kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye mota) ikiungua nasubiri siku ngapi. Uliza kama betri inafanya kazi bila programu ya simu, kama chaja ya kawaida ya volti hizo inaikubali, kama mota na kontrola ni za kutumika na brandi nyingine. Pikipiki iliyotengenezwa kwa vitu vya kawaida inaendelea kuishi hata kampuni ikifa, na mi leo naongeza hela kwa furaha kupata hiyo.

Waranti usiishie kusoma miaka. Soma asilimia. Nyingi zinasema betri itahesabika mbovu ikishuka chini ya asilimia 70 au 80 ya uwezo wake, sasa kama chaji yako ni kilomita 65 na kikomo ni asilimia 70, betri ikikupa kilomita 46 wao wanasema iko sawa. Je 46 zinatosha kazi yako? Kama hazitoshi basi hiyo pikipiki ni ndogo kwako tangu siku ya kwanza, nunua yenye betri kubwa zaidi.

Kuijaribu ijaribu kwa uzito wako wa kweli, beba mtu nyuma, tafuta kilima kirefu kuliko vyote vya karibu upande kwa dakika kadhaa halafu ushuke, weka kiganja karibu na mota usikie joto. Muuzaji akikuambia kilowati 5 muulize ni za kudumu au za kilele, maana kilele ni za sekunde chache tu. Mota iliyo ndani ya ringi ni rahisi kutunza, haina mnyororo, lakini kwenye vilima virefu mara nyingi inachemka kuliko iliyo katikati.

Kwenye kupatana, kampuni zikiwa zinashindana mara nyingi hazipendi kushusha bei waziwazi, ila vitu vinatoka. Omba chaja ya pili, omba waranti ya betri iongezwe mwaka, omba bei ya betri ya kubadilishia iandikwe kwenye risiti leo hii. Hiyo ya mwisho wengi watasita, anayekubali anajiamini. Nenda na ile karatasi yako ya bei kwa kilowati saa za brandi tatu umwonyeshe, mazungumzo yanabadilika hapohapo.

Ya mkononi usiangalie kilomita kwenye skrini, ijaze kabisa, itembeze hadi ibaki asilimia 20, zidisha kilomita ulizopata na 1.25, ndo uwezo wake uliobaki. Mwenyewe akikataa kukupa muda huo, achana nayo.

Ukishainunua, wiki ya kwanza fanya kipimo hichohicho uandike kilomita na tarehe, piga picha namba za betri, mota na risiti, na urudie kila miezi mitatu barabara ileile. Siku ukienda kudai waranti hicho kidaftari ndo kitakuongelea.