Fushimi Inari, Kyoto: namna ya kuzuru hekalu la wanaoomba biashara ichanganye

Wageni wangu wengi ni wafanyabiashara wanaofuata magari Japani. Wakibakiwa na siku moja, nawapeleka kwa Inari, mungu wa mpunga ambaye wachuuzi walimfanya pia mlinzi wa biashara. Hekalu lilianzishwa mwaka 711. Kiingilio hakuna, na usiku halifungwi.

Kwanza, usafiri. Stesheni ya Kyoto panda treni ya kampuni ya reli ya JR, ya njia ya Nara, ile inayosimama kila kituo. Ya haraka itakupitiliza. Baada ya dakika 5 shuka Inari.

Pili, inama kidogo langoni, kisha pita pembeni. Katikati ni njia ya mungu.

Tatu, nawa. Chota maji kwa kata, mwagia mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Kinga kidogo kiganjani usukutue. Kata yenyewe isiguse mdomo. Mwishoni isimamishe, maji yaliyobaki yaoshe mpini, anayefuata aikute safi.

Nne, tumbukiza sarafu sandukuni. Wengi huchagua yeni 5, kwa sababu “go-en” hutamkwa sawa na neno la kukutanishwa na watu kwa heri. Inama mara mbili, piga makofi mawili, omba kimya, inama tena. Dini yako isipokuruhusu, simama kando kwa adabu, inatosha.

Tano, panda mlima kupitia malango mekundu, kama 10,000 hivi. Kuna mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari. Mtafute mwenye ufunguo wa ghala la mpunga kinywani. Ukimaliza msururu wa malango uitwao Senbon utakuta jiwe la mviringo juu ya taa ya mawe. Weka nia, linyanyue. Likiwa jepesi kuliko ulivyodhani, ombi litakubaliwa.

Kilele kina mita 233, na mzunguko mzima huchukua kama saa 2. Miguu ikichoka rudia Yotsutsuji, njia panda iliyo kama katikati ya mlima, lakini usishuke mbio. Nguzo ulizoziona tupu wakati wa kupanda, kwa nyuma zimeandikwa: moja ina jina la mtoaji, ya pili tarehe. Tangu enzi za Edo (1603–1868) watu hutoa lango ili ombi “lipite”, au kushukuru kwa kuwa limepita. Mama mmoja muuza vitenge alinisimamisha kwenye lango lililofifia wino, akaniomba nimsomee jina la duka. Nikamsomea. Akaomba na la jirani yake, na lililofuata, hadi tukafika chini.